Mashine ya Dirishani

Chepseon, Jumapili, jua likielekea kushuka

Chepkoech mama,

Usiifungue hii mpaka basi lipite Nakuru. Nakujua, ukishika bahasha huwezi kungoja, kwa hivyo nitampa mama yako aifiche chini ya chapati na utaikuta ukisikia njaa. Ikiwa imepata mafuta kidogo, usinilaumu mimi.

Sitakuambia uvae sweta wala uchunge mkoba. Mama yako amekuimbia hayo tangu Jumanne mpaka nadhani hata ng'ombe wameyashika. Mlienda jana kwa kogo, nyanya yako wa kule Chebunyo, kumuaga, mtarudi jioni hii, na mimi nimebaki na jogoo na kikombe cha chai ambacho nimekipasha moto mara mbili na bado sijakinywa. Nimechoka, mama. Si uchovu wa shifti, huo naujua, ukilala unaisha. Huu ni wa mtu aliyeulizwa swali na mtoto wake akalikimbia siku nane ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ukiingia jikoni, natoka. Ukija zizini, nakumbuka nimeacha panga shambani. Mama yako akaniuliza, "Wewe siku hizi una nini na panga?"

Swali lenyewe unalikumbuka. Ulikuwa unatafuta kamba ya kufungia sanduku, ukapanda juu ya debe la unga, ukaliona lile daftari la jalada la kijani nililolisukuma nyuma ya boriti. Ukaketi nalo mchana kutwa. Jioni ukanijia na penseli sikioni kama karani, ukasema, "Baba, hii hesabu ni ya kweli. Nimeifanya upya mara mbili. Nani aliiandika?" Nikasema ni mambo ya zamani. Ukasema Philemon, mtoto wa mjomba wako, amekuambia Nairobi ziko nyumba zenye mashine za kamari kama hiyo ya daftarini, tena nyingi. Ukasema utakwenda kuziangalia, na ukipata yenye kosa kama hili utaandika karatasi uibandike kwenye ubao wa matangazo pale chuoni, watu wote wajue. "Kitu cha kweli kikijulikana na wawili tu, baba, huo ni wizi. Ama wewe unaonaje?"

Mimi naonaje. Nikasema ngoja nifunge ndama.

Sasa ndama amefungwa, na wewe hauko mbele yangu ukinitazama na hayo macho ya nyanya yako. Wacha nijibu.

Ulikuwa darasa la sita. Mjini Kericho kulikuwa na hoteli moja, haipo tena, na nyuma ya baa yake kulikuwa na chumba chenye mashine tano za karata. Mtu mmoja kutoka Nairobi alikuwa amezileta. Mashine yenyewe ni kama kabati, na ina kioo kama cha televisheni. Unatia tokeni, unabonyeza, karata tano zinatokea. Unachagua za kuweka na za kutupa, unabonyeza tena, nayo inakupa nyingine badala ya ulizotupa. Zikilingana vizuri inakulipa. Kila mpangilio na malipo yake yameandikwa juu, mtu yeyote anaweza kusoma. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa anasoma. Mtu akiingia pale macho yake yako kwenye karata.

Aliyesoma ni Ouma. Hukumjua sana. Alikuwa karani wa mizani pale kiwanda cha chai nilikokuwa nafanya kazi, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mpole, kila siku na shati la kupigwa pasi. Jumamosi moja tulikuwa tumeingia kunywa soda, akasimama mbele ya mashine iliyokuwa karibu na dirisha, akainua shingo kama mtu anayesoma bei ya viatu.

"Omera, ndugu yangu, umeona hii?"

"Nimeona nini?"

"Hapa juu. Hii ya dirishani inalipa zaidi kwa mistari miwili. Hizo zingine nne ziko sawa. Hii peke yake ndiyo haiko sawa."

Mpaka leo sijui kama aliyeiandika alikosea au alitaka kuvuta watu. Ouma alinunua daftari, lile lile uliloliona, akakaa nalo Jumapili tatu. Mimi niliishia darasa la saba, hesabu zake zilinipita, lakini alipokuwa ananiambia hii weka, hii tupa, mikono yangu ilishika upesi kuliko kichwa chake. Miaka kumi nilikuwa nimenyausha majani kiwandani. Unatia mkono ndani ya majani, unakunja, unasikia kama yamefika au bado, na hutumii haraka. Mashine ile ilitaka hivyo hivyo. Ukiwa na haraka inakula. Ukiweka karata kwa sababu ni nzuri kwa macho inakula. Ukifuata daftari bila kuchoka, mchana mzima, Jumamosi baada ya Jumamosi, kuna kitu kidogo kinabaki mkononi.

Kidogo, mama, naomba usikie hilo neno. Kuna mwezi mzima tulitoka mikono mitupu na kichwa kinauma kwa moshi wa sigara. Halafu inakuja siku moja inarudisha yote na nyongeza. Viatu vyako vya kidato cha kwanza, vile vyeusi ulivyolala navyo kitandani usiku wa kwanza, nilianza kuviwekea akiba mle. Nilimwambia mama yako ni ovataimu.

Siku tuliyohakikisha kwamba hesabu ni ya kweli, Ouma akaniambia, "Hii ni yetu wawili. Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Kiti ni kimoja, na huyo mwenye mashine si mjinga, akiona watu wamepanga foleni atabadilisha." Alisema kweli. Na mimi, kwa kutaka kumwonyesha kwamba nina neno, nikasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka naona haya. Nikamwambia, "Kwetu, cha menjo hakitoki menjo. Basi na hii iwe ya menjo." Akacheka, kwa sababu watu wa kwao hawapitii huko, akanipa mkono.

Menjo unaijua kwa mbali, ile nyumba ya pembeni ambako vijana wetu hukaa baada ya tohara wakipona na kufundishwa. Mambo ya ndani sitakuambia, na hujawahi kuuliza, una adabu. Lakini liko jambo moja ambalo hata wanawake wanalijua. Mliotoka menjo moja ni zaidi ya kuzaliwa tumbo moja. Akija kwako na njaa anakula kabla yako. Akikuuliza kitu, unamjibu. Siri ya menjo ni ya kuwafungia walio nje, haikuwekwa kuwafungia wa ndani. Sasa mimi nilichukua lile neno zito nikalifungia mashine ya kamari, nikaingia ndani na mtu wa kazini, nikamfungia nje Kimutai.

Kimutai huyu huyu wetu. Huyo ambaye nyinyi watoto mnamwita baba kama mnavyoniita mimi. Tulitoka naye menjo moja.

Nilikaa na siri ile miezi minane na haikuniwasha. Nilikuwa nakutana naye kila asubuhi pale baisenta, kituo cha kuuzia majani, tukipima, tunaongea mvua, tunaongea bei, nilikuwa namwangalia usoni bila shida. Nilijiambia, mbona yeye si mtu wa karata? Kwa nini nimwingize mtu wa kanisa kwenye mambo ya baa? Unaona vile mtu anajipangia maneno mazuri.

Halafu bonasi ya majani ikatoka. Mwaka ule ilikuwa nzuri, watu walikuwa wananunua redio na kuoana. Kimutai alikuwa na mpango wa mabati. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi bado, na Esther, mke wake, alikuwa amechoka kuhamisha kitanda kila mvua ikinyesha. Alienda mjini Jumamosi kuuliza bei. Duka lilikuwa limejaa, akaamua kungoja, akapita pale hotelini kunywa chai, akasikia kelele za kule nyuma, akaingia.

"Weh! Kumbe uko hapa!" Nilikuwa nimekaa dirishani. Akavuta kiti cha mashine iliyofuata, akakaa na gamubuti zake mpya. "Hii kitu ni nzuri?"

"Iko tu," nikasema.

Ouma alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya soda. Alinitazama tu.

Kimutai akatia tokeni. Nakumbuka karata zake kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu, Mungu anisamehe. Alipata jozi ya saba, na pembeni kulikuwa na ile ya A. Hesabu inasema weka saba mbili, tupa zingine zote. Yeye akaweka saba mbili na A, kwa sababu A ni kubwa, na mtu gani hutupa kitu kikubwa? Kila mara alifanya hivyo. Aliishika ile A kama ndama wa gredi. Nilikalia mkono wangu, mama. Kweli kabisa, niliuweka chini ya paja nikaukalia, kwa sababu ulikuwa unataka kwenda kumwonyesha.

Halafu akageuka akaniuliza. Hilo ndilo naomba ulijue. Hakujiendea tu, aliniuliza.

"Sasa hii niweke ama nitupe? Wewe unajua hii maneno."

Nikamwambia, "Ni bahati tu, Kimutai. Weka unavyotaka."

Alikuja Jumamosi tatu. Kila mara alikaa kiti kile kile kando yangu, kwenye mashine mbovu, akinichekea, akinipiga bega nikishinda. "Leo Mungu yuko upande wako!" Jumamosi ya tatu hakucheka. Alitoka bila kuaga. Wiki ile Esther alikuja hapa kwetu asubuhi, macho yamevimba, akamuuliza mama yako kama anajua pesa za mabati zimeenda wapi. Mama yako hakujua. Nilikuwa hapo hapo, nafunga kamba ya kiatu. Niliifunga kwa muda mrefu sana. Siku mbili baadaye Esther alichukua mtoto mdogo akarudi kwa wazazi wake Bomet.

Mpaka hapo, mama, ukiniambia kunyamaza ni wizi, nakubaliana na wewe moja kwa moja. Lakini hukungoja nusu ya pili, na hiyo, daftari halina.

Nilishindwa kulala, nikashindwa kula, mama yako akanipeleka zahanati wakanipa dawa ya malaria. Halafu siku moja pale baisenta lori la majani lilichelewa. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wote wamejibana chini ya paa na vikapu vyao, karibu watu hamsini, Kimutai akiwa amesimama pembeni peke yake na koti la nailoni. Na mimi nikapanda juu ya ubao wa mizani nikasema yote. Nilisema kuna mashine dirishani, inalipa kuliko zingine, ina hesabu, nitawaonyesha karata za kuweka na za kutupa. Niliongea kama mhubiri. Nilisikia mwili unakuwa mwepesi, mzigo unashuka. Nikafikiri, kumbe ni rahisi hivi!

Kogo mmoja aliyekuwa amekalia kikapu chake akainua kichwa. Ni mzee, hana meno, na hana mchezo. Akauliza, "Na wewe umejua lini?"

Watu wakasogea wasikie. Kimutai aliinua macho.

Nikasema, "Juzi."

Ni neno moja tu. Lilitoka lenyewe, kama kupiga chafya. Na Kimutai akaja katikati ya watu wote, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante. Umetukumbuka. Mwingine angenyamaza." Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa ile, ya upana wa mlango wa kanisa. Lori likaja, watu wakaanza kusukumana na vikapu, na mimi nikabeba changu.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa hesabu ya kweli ikiwa mikononi mwa watu wote. Jumamosi ile chumba kilijaa hata mlango haukufungika. Kila mtu alisikia nusu. Mmoja alisikia ni mashine zote. Mwingine alisikia ni lazima uweke karata za picha. Mwalimu mmoja wa nasari alikuja na karatasi aliyonakili kwa mwenzake aliyenakili kwa mwenzake, imegeuka juu chini. Kiti cha dirishani kilikuwa kimoja, kama Ouma alivyosema, na waliokikosa hawakurudi nyumbani, walikaa kwenye zile zingine nne wakingoja zamu, na huku wanangoja wanatia tokeni. Mtu akisikia kuna pesa chumbani hawezi kukaa mikono mfukoni. Mimi niliwaambia habari ya kushinda. Ule mwezi mzima wa kutoka mikono mitupu sikuutaja, kwa sababu haukuwa unanoga kwenye hotuba.

Na Kimutai aliuza mtamba wake. Aliuza aje arudishe ya mabati amrudishe Esther, kwa sababu mimi, mtu wa menjo yake, nilikuwa nimesema mbele ya watu hamsini kwamba pesa iko. Alifika akakuta foleni. Akakaa kwenye kiti chake cha zamani kungoja. Nilikuwa upande wa pili wa chumba nikimfundisha mtu mwingine, sikumwona mpaka jioni.

Wiki mbili hazikuisha, mwenye mashine akatuma fundi. Kioo cha juu kikabadilishwa, ya dirishani ikawa sawa na zingine. Kwisha. Mwaka uliofuata Kimutai alikodisha majani yake kwa mtu mwingine, akawa kibarua wa kuchuma majani yake mwenyewe. Umekua ukimwona akichuma pale ng'ambo na ukadhani ni kazi yake aliyoichagua.

Na Ouma. Jumatatu alinikuta kwenye vitanda vya kunyaushia, akasimama, hakupandisha sauti. Alikuwa analipia karo ya watoto wawili wa marehemu ndugu yake, hilo nilikuwa nalijua. Nilitarajia anitukane, ningefurahi akinitukana. Alisema, "Ungeniambia kwanza." Basi. Aliomba uhamisho kabla ya Krismasi, akaenda kiwanda cha mbali, na lile daftari akalituma kwa mlinzi aniachie. Hakuniandikia neno ndani. Nilitafuta.

Kwa hivyo unaponiuliza watu waambiwe au wasiambiwe, nakuambia nimekaa pande zote mbili na zote mbili niliumiza watu wale wale. Miaka mingi nilijiambia kosa langu lilikuwa kunyamaza. Halafu miaka mingine nikajiambia hapana, kosa lilikuwa kutangaza, Ouma alikuwa sawa. Nimezungusha hiyo kitu kichwani nikinyausha majani mpaka imekuwa laini. Sasa nimefikia hapa, na sijui kama nimefika: niliponyamaza nilikuwa najifikiria mimi, na nilipopanda juu ya ile mizani nilikuwa najifikiria mimi. Nilitaka tu kuacha kusikia vibaya. Kimutai hakuhitaji hotuba. Alihitaji nimwambie saba mbili, tupa hiyo A, na zaidi ya hapo alihitaji nimshike mkono nimtoe nje tukanunue mabati. Mtu mmoja, kando yangu, sentimita chache. Nikamruka nikaenda kuwaambia hamsini.

Wewe una kichwa cha Ouma. Nilijua siku ile nikikuona na penseli sikioni, na niliogopa na nikajivunia pamoja. Huko uendako utajua vitu vingi ambavyo wengine hawajasoma ingawa vimeandikwa juu pale pale. Si mashine tu. Sikukatazi kuviandika ukutani. Daftari nimeliweka ndani ya sanduku, chini ya blanketi ya bluu, ni lako. Lakini ukibandika, bandika na kurasa za nyuma, zile zenye siku tulizopoteza, hata kama karatasi itakuwa ndefu na watu watachoka kusoma. Andika wewe ulijua lini. Na kama kuna mtu anakula kwa hicho kiti, mwendee umwambie kwanza, hata akikasirika. Hayo tu. Siwezi kukuambia zaidi ya ninayoyajua, na haya yenyewe nimeyanunua ghali na si kwa pesa yangu.

Sasa nimefika kwenye lile lililonifanya nikimbie na panga.

Sanduku lako. Siku ya harambee yako, watu walipokuwa wanatoa noti mbele na kutajwa majina, Kimutai hakuja mbele. Alikuja jioni kupitia nyuma ya zizi, analisukuma juu ya baiskeli. Sanduku la bati, jipya, amelipaka rangi mwenyewe, na jina lako kwa herufi nyeupe, ile K imepinda kidogo. Nilimwuliza umetoa wapi, mbona umejisumbua. Akasema, "Mtoto wetu anaenda. Na wewe ulitukumbuka siku ile ya mvua." Mama, miaka yote hii bado anaikumbuka siku ile ya mvua! Esther alirudi baada ya miezi mitano, walilea watoto wao chini ya ile nyasi, na kwa akili yake mimi ndiye rafiki aliyejaribu kumsaidia. Amenibebea shukrani ambayo si yangu, na nimeiacha aibebe. Bati la kutengeneza sanduku lako amelipata kabla ya bati la nyumba yake.

Kwamba nilijua tangu zamani, hilo ndilo ambalo sikulisema pale kwenye mizani, na ndilo tu lililostahili kusemwa mbele ya watu.

Kesho asubuhi atakuja kulibeba sanduku kwa baiskeli mpaka stejini. Amekataa nimlipe mtu wa mkokoteni. Wewe na mama yako mtatangulia, kwa sababu mama yako anaogopa basi kuondoka hata likiwa halijafika. Sisi wawili tutakuja nyuma na baiskeli. Kutoka hapa mpaka daraja la mto ni mwendo wa dakika kumi, na nimeamua kumwambia tukifika pale kwenye daraja. Nimeamua mara nyingi huko nyuma, nisikudanganye. Nimewahi kufika mpaka mlangoni kwake nikaishia kuazima jembe.

Sasa wewe unasoma hii ukiwa umepita Nakuru, kwa hivyo unajua kitu ambacho mimi ninayeandika sijui. Ukikumbuka uligeuka ukatuona tumesimama darajani, baiskeli imeegemezwa, na tulichelewa mpaka mama yako akapiga kelele, basi nimesema, na alilonijibu ni letu sisi wawili, usiulize. Kama nilikuaga na uso wa ajabu, ni hiyo.

Lakini kama tulifika stejini pamoja, tunaongea mvua, akakuinulia sanduku akakubariki na mimi nikacheka sana kupita kiasi, basi nimeshindwa tena, na nitashindwa mpaka nife. Hapo nakuomba kitu, na najua si haki kumwomba mtoto. Usianze na ubao wa matangazo. Ukifika, kabla ya kufungua hilo daftari, kaa kitako umwandikie baba yako Kimutai barua fupi. Mshukuru kwa sanduku. Kisha umwambie mimi nimekutuma umwambie haikuwa juzi.

Anayekungoja urudi likizo,
Baba yako